Kunukuu vyanzo kwa mtindo wa APA: kazi inaanzia kwenye daftari

APA ni mtindo wa kutaja vyanzo uliowekwa na Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Wanafunzi wengi hushughulikia marejeo usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Hapo madhara huwa yameshatokea. Mara nyingi wizi wa kitaaluma huanza wiki kadhaa nyuma: unanakili sentensi daftarini bila alama za mtajo, unaisahau, kisha ukirudi unaidhani ni yako.

Basi anzia hapo. Kabla ya kuchukua hoja yoyote, andika jina la mwandishi, mwaka, kichwa na mchapishaji, halafu namba ya ukurasa pembeni mwa kila hoja. Maneno ya mwandishi yafunge kwa alama za mtajo papo hapo. Mawazo yako yaandike kwa wino wa rangi nyingine.

Wanaoteleza zaidi ni wanaojaribu kueleza hoja kwa maneno yao. Tuseme chanzo kinasema: "Ukame wa muda mrefu huwalazimu wafugaji kuhamisha mifugo, na uhamaji huo huzua migogoro na wakulima." Mwanafunzi anaandika: "Ukame wa kipindi kirefu huwafanya wafugaji wahamishe mifugo, na kuhama huko husababisha migogoro na wakulima." Huo bado ni wizi, hata akiweka jina na mwaka, kwani mjengo wa sentensi ni uleule na kilichobadilika ni visawe tu. Funika kitabu, jiulize hoja yenyewe ni ipi, ndipo uandike: "Migogoro hii haianzii shambani, chanzo chake ni ukame unaowaondoa wafugaji kwenye malisho yao." Kisha taja chanzo. Ukishindwa kuandika kitabu kikiwa kimefunikwa, hujaielewa hoja, isome tena.

Kutafsiri nako kunahitaji kutaja chanzo. Aya ya Kiingereza iliyogeuzwa Kiswahili inabaki kuwa ya mwenyewe, na programu ya ukaguzi isipoinasa, msimamizi anayeifahamu fani ataitambua.

Ndani ya matini, APA toleo la 7 hutaka jina na mwaka, ukinukuu neno kwa neno, ongeza ukurasa: (Mulokozi, 1996, uk. 24). Waandishi wakiwa watatu au zaidi, taja wa kwanza na "na wenzake" tangu mara ya kwanza. Nukuu ya maneno 40 au zaidi huwekwa kwenye aya yake, yote ikiingia ndani sm 1.27, bila alama za mtajo. Idara nyingi za Kiswahili hutumia nukta mbili, yaani 1996:24. Fuata mwongozo wa idara yako, ila usichanganye mitindo miwili katika kazi moja.

Katika orodha ya marejeo, jina la ukoo hutangulia: Mugyabuso M. Mulokozi anakuwa Mulokozi, M. M. Kitabu huandikwa hivi:

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. (2004). *Kamusi ya Kiswahili sanifu* (toleo la 2). Oxford University Press.

Mji wa uchapishaji hauandikwi tena. Toleo la 7 liliuondoa. Kichwa cha kitabu huwa katika herufi za mlazo. Kwa makala ya jarida, herufi za mlazo ni za jina la jarida na namba ya juzuu, si za kichwa cha makala. Ukikuta hoja ya mtu ndani ya kitabu cha mwingine, sema imenukuliwa humo, na kwenye orodha weka kile ulichokisoma wewe tu.

Ukurasa wenyewe ni kazi ndogo: pambizo sm 2.54 pande zote, Times New Roman 12, nafasi mbili kati ya mistari. Kwenye Word, Ctrl+2 huweka nafasi hiyo, na Ctrl+T hufanya mistari ya pili na inayofuata ya kila rejeo iingie ndani. Usiisogeze kwa kubonyeza nafasi mara kwa mara. Ukibadilisha neno moja, mpangilio wote unavurugika.

Mwisho, bonyeza Ctrl+F, tafuta alama ya mabano "(" na upite nukuu moja baada ya nyingine ukiweka tiki kwenye orodha. Majina yaliyo nje ya mabano yapitie kwa macho. Jina lililobaki bila tiki liondoe. Lililo kwenye matini bila kuwa kwenye orodha, liongeze. Ripoti ya Turnitin, programu inayoonyesha asilimia ya maandishi yanayofanana na vyanzo vingine, nayo isikutishe kwa asilimia pekee: asilimia 8 iliyotoka chanzo kimoja kwa mkupuo inaweza kuwa mbaya kuliko 20 iliyotawanyika kwenye marejeo na istilahi. Fungua sehemu zilizotiwa rangi, uzisome moja moja.