Ukihamia nchi nyingine, usome upya wosia wako

Wosia ulioandika kabla ya kuhama haufi kwa sababu tu umevuka mpaka. Kwa nchi zilizoridhia Mkataba wa The Hague wa 1961 kuhusu taratibu za kuandika wosia, unatosha kama uliandikwa kwa kufuata taratibu za mahali ulipouandikia, za uraia wako au za makazi yako. Nani arithi nini ni jambo jingine. Nyumba na ardhi mara nyingi hufuata sheria ya nchi zilipo, na sheria ya Ufaransa, kwa mfano, huwatengea watoto fungu lao.

Ndiyo maana wenye mali nchi mbili huandika wosia kila upande. Hapo tafadhali kuwa makini sana na sentensi ya mwanzo, "nafuta wosia wangu wote wa awali", ambayo huwekwa kimazoea tu. Inaweza kuufuta ule wa kwenu, shamba likabaki bila maelekezo. Mwombe wakili aandike: "Wosia huu unahusu mali yangu iliyoko nchi hii pekee, na haufuti wosia wangu mwingine."

Mashahidi wasiwe warithi. Ukifunga ndoa, urekebishe mapema. England na Wales, kwa kawaida ndoa hufuta wosia uliotangulia.