Barua ya kuomba kazi: mwandikie mwenye kalamu ya tiki

Kijana aliingia dukani saa kumi na moja jioni, tangazo la kazi kalipiga picha kwenye simu, na mwisho wa kutuma maombi ni kesho yake.

"Shikamoo mama. Naomba unichapie barua ya kuombea kazi, ile ya kawaida."

"Marahaba. Ya kawaida ndiyo ipi?"

Akacheka. "Si unayo humo kwenye kompyuta? Unabadilisha jina tu."

Ninayo, sikatai. Hapa Msamvu, Morogoro, kila steshenari inayo. Inaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", inafuata "mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye afya njema na akili timamu, mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na kuweza kufanya kazi katika mazingira yoyote bila kusimamiwa", inamalizia na "ni matumaini yangu makubwa kuwa ombi langu litapokelewa". Nachapa ukurasa kwa shilingi 1,000 na mteja anaondoka ameridhika. Siku hizi wengine wanakuja nayo tayari, imeandikwa na simu, na humo utakuta "fursa hii adhimu" na "taasisi yako tukufu". Ni ile ile, imevaa suti.

Kabla ya kufungua duka nilikaa masijala ya ofisi moja miaka tisa. Kazi ikitangazwa, bahasha zinapitia mezani kwangu kwanza. Nafasi mbili, barua mia mbili na ushee. Hakuna aliyekaa akazisoma kama hadithi. Mchambuzi alikuwa na karatasi yenye safu: jina, umri, elimu, leseni au cheti cha fani, uzoefu, barua imesainiwa au la. Anafungua barua, anatafuta kitu cha kujaza kwenye kila safu, anaweka tiki au mkasi. Akikosa anachotafuta hapigi simu kukuuliza. Anachukua bahasha inayofuata. Kwa hiyo nikikaa kuchapa barua ya mtu, namfikiria yule mwenye kalamu ya tiki, saa tisa mchana, chai imepoa, bado ana bahasha themanini.

Ndiyo maana naanza na tangazo, siyo barua. Nilimwambia yule kijana anisomee lote, tena kwa sauti. Ilikuwa nafasi ya Dereva Daraja la II katika halmashauri. Sifa zilikuwa hizi unazozijua kama umewahi kuomba udereva serikalini: cheti cha kidato cha nne, leseni daraja E au C, awe amefanya kazi ya udereva kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na awe amehudhuria mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari VETA, NIT au chuo kingine kinachotambulika. Chini yake majukumu: kukagua gari kabla na baada ya safari, kufanya matengenezo madogo madogo, kujaza daftari la safari.

Nikampa kalamu aandike kila sifa kwenye karatasi, na mbele yake aandike anacho au hana. Fanya hivyo na wewe. Kama sifa kuu mbili huna, usijidanganye kwamba barua tamu itakuvusha. Tunza nauli yako.

Yeye zote alikuwa nazo. Alipofika kwenye "uzoefu" akaandika "miaka minne", akaniangalia kama amemaliza.

"Miaka minne unaendesha nini?"

"Lori mama. La tajiri mmoja wa mchele."

"La tani ngapi? Kutoka wapi kwenda wapi?"

Tani kumi, Ifakara hadi Morogoro, mara mbili au tatu kwa wiki. Ajali? Hajawahi. Gari likiharibika Mikumi usiku anafanyaje? Hapo ndipo akachangamka. Akaeleza filta, feni belti, breki kupiga upepo kabla hajateremka mlima. Kisha akafungua begi akatoa kaunta buku lililokunjamana, kurasa zimejaa tarehe, kilomita, lita za dizeli. Tajiri aliwahi kumkata mshahara kwa madai ya mafuta yaliyopotea, tangu siku hiyo anaandika kila safari.

Mtu huyu ametembea na daftari la safari begani, halmashauri inaomba mtu anayejua kujaza daftari la safari, na yeye alitaka nimwandikie "mchapakazi na mwaminifu"!

Barua tuliyoitoa ilikuwa hivi. Nimebadilisha tarehe na sehemu chache ili asijulikane:

"YAH: MAOMBI YA KAZI YA DEREVA DARAJA LA II

Naomba kazi iliyotajwa hapo juu, kama ilivyotangazwa na Halmashauri yako tarehe 3 Machi.

Nina umri wa miaka 29. Nina cheti cha kidato cha nne, leseni yenye madaraja C na E, na cheti cha mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari kutoka VETA.

Kwa miaka minne sasa naendesha lori la tani 10 linalobeba mchele kati ya Ifakara na Morogoro, safari mbili hadi tatu kwa wiki. Katika muda huo sijasababisha ajali. Nakagua breki, oili, maji na matairi kabla na baada ya kila safari, na nafanya mwenyewe matengenezo madogo madogo kama kubadilisha filta na feni belti. Kila safari naiandika kwenye daftari: tarehe, kilomita na mafuta yaliyotumika. Nipo tayari kulileta daftari hilo kwenye usaili.

Nimeambatisha wasifu wangu na nakala za vyeti na leseni. Napatikana kwa namba ya simu iliyopo juu ya barua hii."

Basi. Haijafika hata ukurasa. Hesabu tiki: umri, elimu, leseni, mafunzo, uzoefu, ajali. Zote zipo, na kwa maneno yale yale ya tangazo. Hili la maneno nalisisitiza. Tangazo likisema "matengenezo madogo madogo", usiandike "ninao utaalamu wa ufundi magari". Mchambuzi anatafuta neno lake, mpe neno lake.

Angalia pia kwamba mwaminifu halimo, lakini mtu anayeandika lita za dizeli kila safari hana haja ya kujiita mwaminifu.

Juu ya barua hakuna uchawi. Anwani yako kulia na namba ya simu inayopatikana, tarehe chini yake, kisha kushoto cheo na anwani ya mpokeaji kama ilivyo kwenye tangazo, herufi kwa herufi. Tangazo likisema Mkurugenzi Mtendaji, usimwandikie Afisa Utumishi kwa kuwa mjomba wako anamfahamu. Zile nafasi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira mara nyingi utaambiwa barua ielekezwe kwa fulani lakini itumwe kwenye mfumo wake wa mtandaoni, Ajira Portal. Hayo ni mambo mawili tofauti: jina la juu ni la yule aliyetajwa, njia ya kutuma ni mfumo. Kuna watu wanapeleka bahasha kwa mkono hadi Dodoma wakati tangazo limesema wazi kwamba maombi nje ya mfumo hayatafikiriwa.

Lugha: tangazo la Kiswahili jibu kwa Kiswahili. La Kiingereza, hasa la kampuni binafsi na mashirika, jibu kwa Kiingereza, isipokuwa wenyewe wamesema lugha yoyote kati ya hizo mbili inakubalika. Hapo andika ile unayoweza kuitetea mbele ya meza ya usaili.

Kitu kimoja huwa kinaniuma nikikifuta, lakini nakifuta. Ni aya ya shida. "Mimi ni mtoto wa kwanza, baba alifariki, nategemewa na wadogo zangu sita." Dada mmoja aliniandikia mistari tisa ya namna hiyo kwenye karatasi, na cheti chake cha uhasibu kakitaja mstari mmoja wa mwisho. Nilimwambia: mdogo wangu, haya ni kweli na pole sana, lakini ile karatasi ya mchambuzi haina safu ya shida. Kila bahasha pale mezani ina shida yake. Tukaitoa.

Shida yake nyingine ilikuwa uzoefu, maana ametoka chuoni mwaka jana. Akasema hana lolote. Tukachimba. Alifanya mafunzo kwa vitendo wiki nane kwenye ofisi ya mhasibu wa shule, akawa analinganisha risiti za ada na taarifa ya benki. Mtaani kwao ni mtunza hazina wa kikoba cha kina mama 25, yeye ndiye anayeandika hisa na marejesho kila Jumamosi. Hivyo vyote ni uzoefu, mradi utaje idadi, muda na ulichokifanya kwa mikono yako. "Nilishiriki katika shughuli mbalimbali za kihasibu" haimwambii mtu chochote. "Nililinganisha risiti za ada na taarifa ya benki kwa wiki nane" inamwambia.

Kumalizia barua, nina ubishi wangu. "Wako katika ujenzi wa Taifa" naipenda, ni ya wazee wetu, na serikalini haina tatizo. Lakini niliwahi kuikuta chini ya barua ya mtu anayeomba uhudumu wa hoteli ya kitalii. Kule "Wako mwaminifu" inatosha, kisha saini, kisha jina kamili kama lilivyo kwenye vyeti. Kama kitambulisho cha NIDA kina majina matatu na cheti kina mawili, malizana na hilo mapema. Siku ya usaili ni kuchelewa.

Na mimi nina dhambi yangu. Kuna mwaka nilichapa barua za dada mmoja kwenda ofisi mbili, siku ya mwisho, umeme unakatika kila dakika. Nikanakili ya kwanza, nikabadilisha anwani juu, nikasahau aya ya katikati. Akapeleka ofisi moja barua inayosema "nina hamu kubwa ya kufanya kazi" katika ofisi nyingine kabisa. Aligundua baada ya wiki. Sikumtoza hela tena mpaka leo, na tangu hapo kila barua naisoma kwa sauti mbele ya mwenyewe, toka tarehe hadi jina la mwisho, kidole kikifuata mstari. Kama unachapa kwa simu yako nyumbani, msomee mtu mwingine. Macho yako mwenyewe yameshazoea kosa.

Ukituma kwa barua pepe, weka jina la kazi kwenye kichwa cha ujumbe, na faili lipe jina lako na jina la kazi. Nimeona watu wanatuma faili linaloitwa "barua mpya ya mwisho kabisa 2". Ligeuze liwe pdf, maana likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine mistari inatawanyika.

Yule dereva alirudi mwezi uliofuata kutoa kopi za vyeti. Ameitwa kwenye usaili, na kaunta buku lake kalifunga kwa mpira. Lakini siku ile ya kwanza alikuwa tayari ameshafika mlangoni na barua yake, nikamwita arudi. Hakuisaini. Ule mfumo wa Ajira Portal unataka barua iliyosainiwa, kwa hiyo ni kuprinti, kusaini kwa mkono, halafu kuskani ndipo upakie. Kalamu ya bluu ipo juu ya kaunta, nimeifunga na kamba.