Jinsi ya kupanga hela za watoto kama hela yako inaingia kila siku

Ushauri mwingi wa bajeti unaanzia kwenye mshahara, eti gawa mshahara wako hivi na hivi, sasa dereva boda, mama ntilie, fundi, dada wa saluni pale Mwananyamala, leo kaingiza elfu kumi na tano, kesho elfu nne, keshokutwa mvua imenyesha Jangwani hakupitiki hajaingiza kitu, huo mshahara wa kugawa anautoa wapi? Kwahiyo hapa tunafanya hivi: mtoto unampigia hesabu ya mwaka, af unamlipia kwa siku.

Chukua daftari, kila mtoto mpe ukurasa wake. Andika vyote vinavyomhusu Januari mpaka Desemba. Tuseme una wa darasa la tatu shule ya serikali. Ada hamna, tangu 2016 shule ya msingi mpaka kidato cha nne ada ilifutwa, ila watu wakisikia bure ndo wanalala kabisa. Kuna sare pea mbili, sweta, viatu vyeusi (kama ni wa kiume na anapenda mpira andika pea mbili usijidanganye), soksi, begi, madaftari, hela ya uji mliyokubaliana kwenye kikao cha wazazi, mitihani ya majaribio, twisheni. Tuseme jumla imekuja 180,000. Ukidaiwa hiyo kwa mkupuo wiki ya kwanza ya Januari, na Krismasi imeshakula akiba, lazima ukakope. Lakini jero (mia tano) kila siku kwa mwaka mzima ni 182,500. Watoto wawili, buku (elfu moja). Buku kwa siku mtu wa Dar anaitoa bila hata kujua imeenda wapi, maji ya baridi na vocha tu hapo.

Nauli usiichanganye humo, ipe mstari wake. Mwanafunzi kwenye daladala ni 200, kwenda na kurudi 400, akipanda magari mawili inakuwa 800. Siku za masomo kwa mwaka ni 194, kwahiyo huyo wa magari mawili anakula 155,200 kwa nauli tu, inakaribia bajeti nzima ya sare na madaftari, na hapo hujaweka hela ya kutumia, ya barafu na mihogo getini. Kabla hujamtoa mtoto shule ya mtaani kwenu Gongo la Mboto kumpeleka ya mbali kisa ina jina, piga kwanza hii hesabu.

Sasa hela uiweke wapi. Kwenye laini yako ya kila siku usiweke, itaondoka, tena itaondokea kwenye kutuma na kutoa. Kibubu kinafaa kama nyumbani kwenu watu wana adabu. Mimi kwa mtu wa hela ya kila siku naona mchezo, ule wa kuchanga pamoja na kupokea kwa zamu, ndo mwisho wa mambo, kwa sababu kijumbe anayekusanya hela anakuja mlangoni na aibu ya kumwambia sina inakusukuma kuliko nidhamu yako mwenyewe. Ila kuna ujanja wake hapa, watu wengi wanagombania namba ya Desemba ili wale sikukuu, wewe mwambie kijumbe mapema akupe ya Novemba. Ukishika Novemba unaenda Kariakoo moja kwa moja kabla hujazunguka popote. Novemba sare zipo, foleni hamna na muuzaji ana muda wa kubishana na wewe bei, Januari anakuangalia tu maana anajua lazima utanunua. Chukua saizi moja mbele, sketi au suruali fundi akunje pindo nene ndani, mwakani unafungua. Madaftari chukua kwa dazeni mgawane na jirani.

Na hii wazazi wengi hawajaiwekea akili. Mtaala umebadilika, shule ya msingi inaishia darasa la sita. Aliyekuwa darasa la tatu 2024 anamaliza 2027, mwaka uleule ambao aliyekuwa la nne, aliyebaki kwenye mtaala wa zamani, anamaliza la saba. Maana yake kama una watoto wamefuatana hapo, Januari 2028 wote wawili wanaanza kidato cha kwanza kwa pamoja! Sare mbili mpya, kauntabuku mafungu mawili, na wakipangiwa bweni magodoro mawili, ndoo mbili, rimu mbili. Kama hao ni wako, hiyo buku ya siku ipandishe kuanzia sasa.

Nyumbani penyewe nisiongee sana. Mchele na maharage nunueni watu watatu gunia moja Tandale mgawane, kupima kupima dukani kwa Mangi ndo kunamaliza. Na kama umepanga, kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU unayonunua wewe, wakati jengo ni la mwenye nyumba. Kaa nae muongee kistaarabu aipunguze kwenye kodi ya pango, wapo wanaokubali.

Michango ya harusi na kitchen party iwekee kiwango, kikiisha kimeisha, usije ukala jero ya mtoto kisa grupu la WhatsApp wameanza kukutaja jina. Msiba ni kitu kingine, huo huwezi kukwepa.

Kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ndo usiguse kabisa kwa ajili ya shule. Hata zile za kwenye simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila kibali, na tabia yao inajulikana, ukichelewa wanaanza kuwapigia mpaka wakwe. Afadhali uende shule ukaseme ukweli. Private, nenda kwa mhasibu kabla shule haijafunguliwa uombe ada kwa awamu, mkikubaliana mwambie aandike, na kila ukilipa dai risiti. Serikalini, mchango ni hiari na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga, kwahiyo akirudishwa muone mwalimu mkuu, asipokuelewa panda kwa afisa elimu kata, na mtoto asubuhi avae sare aende shule kama kawaida.