Namna ya Kuandika Historia ya Ukumbi wa Michezo Uliokarabatiwa

Ukumbi wa michezo ya kuigiza unapokaribia kufunguliwa upya baada ya ukarabati, kamati hutaka historia yake iandikwe haraka, ama kwa ajili ya bango la mlangoni ama kijitabu cha sherehe. Kazi inayofanywa kwa pupa namna hiyo aghalabu huishia kuwa orodha ya waheshimiwa: aliyeweka jiwe la msingi, aliyekata utepe, aliyetoa fedha. Hayo yana nafasi yake, lakini si historia ya ukumbi. Kabla hujaandika hata mstari mmoja, chagua swali litakaloongoza utafiti wako, na pendekezo langu ni hili: katika kila kipindi, nani aliruhusiwa kupanda jukwaani, na nani alibaki nje?

Tuchukue mfano wa Ukumbi wa Michezo wa Kitaifa wa Kenya, ulioko Harry Thuku Road, Nairobi, ambao ulifunguliwa upya Septemba 2015 na Rais Uhuru Kenyatta baada ya kukarabatiwa. Sheria iliyounda Kituo cha Utamaduni cha Kenya, ambacho ukumbi huo ni sehemu yake, ni ya mwaka 1951, na ukumbi wenyewe ulifunguliwa tarehe 6 Novemba 1952. Mwandishi asiye makini ataiandika tarehe hiyo na kuendelea na safari yake. Mwandishi makini ataiweka kando ya tarehe nyingine: hali ya hatari ilikuwa imetangazwa na serikali ya kikoloni, dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo, yaani wiki mbili na ushei kabla ya pazia kufunguliwa. Kwa hiyo anza kwa kutengeneza jedwali la safu mbili, moja ya matukio ya ukumbi na nyingine ya matukio ya nchi na ya mtaa, kisha soma safu hizo kwa pamoja. Usisahau majirani. Mkabala na ukumbi huo ipo hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa 1904, na ni katika eneo hilohilo ambapo watu waliokuwa wakidai Harry Thuku, mwanaharakati aliyekamatwa na serikali ya kikoloni, aachiliwe walipigwa risasi tarehe 16 Machi 1922. Eneo lilikuwa na historia yake kabla ya ukumbi kujengwa.

Baada ya jedwali, nenda kwenye nyaraka. Kwa Nairobi, mahali pa kuanzia ni Jumba la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, pamoja na maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ambayo ina hazina kubwa ya magazeti ya zamani. Gazeti Rasmi la Serikali litakupa uteuzi wa wajumbe wa bodi, na kumbukumbu za mijadala ya Bunge zitakuonyesha ni lini ukumbi uligeuka kuwa jambo la kisiasa. Ukumbi wa mtaani usio na hadhi ya kitaifa utakuwa na nyaraka chache zaidi, na huko utategemea madaftari ya kamati, stakabadhi, na makabrasha yaliyosahaulika kabatini kwa katibu wa zamani.

Karatasi ninayoithamini kuliko zote ni ile programu ya onyesho wanayopewa watazamaji mlangoni. Ipige picha pande zote, ukiweka rula pembeni ili ukubwa wake ujulikane, kisha isome polepole. Majina ya waigizaji yatakuambia ni jamii zipi zilizokuwa jukwaani; majina ya mafundi wa taa na mavazi, yaliyochapishwa kwa herufi ndogo chini kabisa, yatakupa watu wa kuwahoji; matangazo ya biashara yatakuonyesha watazamaji waliotarajiwa walikuwa wa kipato gani; na bei ya tiketi, ukiilinganisha na mishahara ya wakati huo, itakueleza nani asingeweza kuingia hata kama mlango ulikuwa wazi.

Pale vyanzo vinapogongana, usikimbilie kuvipatanisha. Oktoba 1976, tamthilia mbili zilizokuwa zikiandaliwa kuiwakilisha Kenya katika FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi na Waafrika, lililofanyika Lagos mwaka uliofuata, yaani The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilizua mvutano kuhusu siku za kutumia ukumbi huo, kwani waandaaji walilalamika kwamba maonyesho ya kigeni yalikuwa yamepewa nafasi nzuri zaidi. Lalamiko la msanii ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa upande mmoja. Tafuta daftari la kukodisha ukumbi, tafuta matangazo ya magazeti ya mwezi huo, hesabu siku ambazo kila kundi lilipewa, kisha yaandike yote mawili: hesabu uliyoipata na uchungu uliosemwa. Kumbuka pia kwamba ukumbi mmoja huelezeka vyema ukiwekwa kando ya mwingine. Jukwaa la wazi la Kamĩrĩĩthũ, Limuru, lililojengwa na wanakijiji wenyewe, lilibomolewa na serikali mwaka 1982, na hapo ndipo msomaji anapoelewa thamani ya jukwaa lililosalia.

Mahojiano yafanyike mapema, hasa na wazee. Badala ya kumkalisha mzee wa watu kwenye kiti ofisini, mwombe kwa heshima mwingie pamoja ukumbini, mpite nyuma ya jukwaa, na umwache aoneshe kwa mkono pazia lilikovutwa na waigizaji walikosubiri zamu yao. Miguu hukumbuka kile ambacho swali la moja kwa moja halikipati. Omba ridhaa kabla ya kurekodi, na uliza pia kama jina litajwe.

Kuhusu ukarabati wenyewe, hapa wengi huzembea kwa kudhani kwamba ni jambo la jana lisilohitaji utafiti. Piga picha za kila chumba kabla mafundi hawajaanza, kutoka pembe zilezile utakazozitumia kazi ikishakamilika. Omba nakala za michoro na orodha ya vitu vilivyoondolewa. Rangi ikikwanguliwa, tabaka za chini huonekana kwa siku chache tu, na matundu ya skrubu sakafuni huonyesha viti vya zamani vilipangwaje. Mafundi wakishamwaga sakafu mpya, ushahidi huo umekwenda. Andika pia kilichopotea, hata kama mfadhili hatapenda.

Rasimu ikiwa tayari, isome kwa sauti mbele ya wale uliowahoji, rekebisha majina na tarehe, kisha weka nakala ya maandishi, picha na sauti katika maktaba ya umma iliyo karibu, mbali na ofisi ya ukumbi.