Jumamosi Madina na Watoto, Kutoka Jeddah

Kwa familia inayoishi Jeddah, siku ya kwenda Madina na kurudi ni Jumamosi. Ijumaa nayo inavutia, lakini kila mtu ameiwazia hiyo hiyo, na mtoto wa miaka minne hana subira ya msongamano wa Jumaa. Tena Jumamosi ndiyo siku Mtume (s.a.w.) aliyokuwa akienda Quba, mara kwa miguu, mara amepanda mnyama. Basi nanyi anzieni huko.

Kwa gari ni zaidi ya kilomita 400, saa nne za kuulizwa "tumefika?" Treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018, hukimbia hadi kilomita 300 kwa saa na kuwafikisha kwa muda wa saa mbili hivi. Kateni tiketi za kwenda na kurudi mapema, na majina yafanane na ya kwenye iqama (kibali cha ukaazi) au pasipoti, ya watoto pia. Stesheni ya Madina iko mbali na msikiti, kwa hiyo tengeni nauli ya teksi.

Msikiti wa Quba ulijengwa mwaka 622, Mtume alipowasili kutoka Makka. Tieni udhu kabla ya kufika. Hadithi inasema anayejitoharisha nyumbani kwake kisha akaswali pale hupata thawabu kama za umra. Kutoka hapo nendeni Uhud, palipopiganwa vita zama za Mtume, jua halijawa kali. Wakubwa wanazuru makaburi ya mashahidi, akiwemo Hamza, ami yake Mtume. Watoto wanataka kupanda kile kilima kidogo cha wapiga mishale. Waacheni wapande, na kisa msimulie mkiwa juu. Wetu wa kati, aliposikia wapiga mishale waliamriwa wasiondoke nao wakashuka kufuata ngawira, aliruka: "Si waliambiwa wasishuke!" Darasani hajawahi kusikiliza hivyo.

Kuanzia Adhuhuri kaeni Msikiti wa Mtume, msihangaike kwingine. Kuingia Rawdha, ile sehemu kati ya kaburi la Mtume na mimbari yake, kunataka kibali cha programu ya simu ya Nusuk, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, na saa za wanaume na wanawake ni mbalimbali. Ombeni siku nyingi kabla. Baba akienda, mama abaki na watoto, kisha wapokezane. Viatu vitieni mfukoni mtembee navyo, msije mkarudi stesheni na soksi.

Sasa kosa letu. Tuliwaambia watoto, "Mkipotea, tukutane chini ya ule mwavuli." Uwanja wa msikiti una miavuli mikubwa ya kivuli 250, yote sura moja. Halafu Magharibi ilipokaribia ikaanza kujikunja taratibu, yote kwa pamoja, mpaka ikabaki nguzo tupu. Binti yetu tulimkuta kwenye nguzo ya tatu kutoka tuliyodhani, analia huku anakula biskuti za mama mmoja wa Kisudani. Siku hizi tunataja namba ya mlango, na kila mtoto ana namba ya simu ya baba kwenye mkono, imeandikwa kwa kalamu ya wino.

Tende za ajwa nunueni mwisho, maana kilo tano zikibebwa tangu asubuhi huwa kumi. Onjeni kwanza. Muuzaji asiyetaka kuonjesha ana jirani.