Mwache muuaji, mtazame Nora: jinsi ya kufaidi vichekesho vya mauaji vya Hollywood ya zamani

Anza na filamu ya The Thin Man (yaani Mtu Mwembamba) ya 1934. Zipo zinazochekesha kuliko hiyo, ila hiyo ndiyo itakuonyesha mchezo wenyewe unavyochezwa. Nick Charles, mpelelezi aliyeacha kazi baada ya kuoa mwanamke tajiri, yuko New York na mkewe Nora kwa Krismasi, na hana haja na maiti ya mtu. Anataka kinywaji chake. Marufuku ya pombe Marekani ilikuwa imefutwa Desemba 1933 tu, na humo ndani watu wanakunywa kama wanaolipa deni.

Sasa, mwache muuaji. Najua sisi wasomaji wa riwaya za upelelezi tunapenda kunyoosha kidole mapema; mume wangu filamu haijashika kasi ameshatangaza "ni huyu!" Humu utachoka bure. Majina ni mengi na kila mtu ana siri yake. Mwishoni Nick anawaalika washukiwa wote chakula cha jioni, askari wamevishwa nguo za wahudumu, wanapitisha sahani. Anaeleza mauaji yalivyotokea, na Nora anamnong'oneza: ni kweli hayo? Hajui. Mbona unayasema basi? Kwa sababu ndivyo pekee mambo yanavyoingia akilini. Ikiwa mpelelezi mwenyewe anabahatisha, wewe unajisumbua nini?

Mtazame Nora. Myrna Loy, anayemwigiza, anaweza kuchekesha bila kufungua mdomo. Asubuhi ya Krismasi Nick (William Powell) amejilaza kwenye kochi, anatungua maputo ya mti wa Krismasi kwa bunduki ya upepo. Nora amekaa pembeni na koti lake la manyoya, anamwangalia tu. Rudisha nyuma uuone ule uso tena. Halafu kuna usiku ule jambazi anapoingia chumbani na bastola: Nick anampiga Nora ngumi aanguke, asije akala risasi. Akizinduka, kinachomkera si ngumi. Analalamika kwamba amekosa kumwona mumewe akimshinda yule jambazi! Mswada uliandikwa na mke na mume, Frances Goodrich na Albert Hackett, na mimi nadhani ndiyo maana utani wao una harufu ya nyumbani kweli.

Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Wanaongea mbio, na utani wa pili unapita ukiwa bado unaucheka wa kwanza. Na tafadhali usivute picha ijaze televisheni nzima. Filamu hizi zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba. Ukizivuta, Powell mwembamba anageuka pipa. Vitanda viwili chumbani mwa wanandoa visikutatize, ni mambo ya udhibiti wa maadili wa enzi hiyo, hakuna fumbo hapo.

Ukishaizoea, nenda Arsenic and Old Lace ya 1944. Huko wauaji unawajua mapema: ni mashangazi wawili wapole wanaowawekea wazee wapweke sumu kwenye divai. Raha yote iko kwa Cary Grant, mpwa wao, anavyochanganyikiwa huku ndugu yake, anayejiona Rais Roosevelt, akipanda ngazi mbio kama yuko vitani. Grant mwenyewe hakupenda alivyoigiza humo. Mimi napenda.

The Ghost Breakers ya 1940, ya Bob Hope, inachekesha, lakini jiandae: Willie Best, mwigizaji Mweusi mwenye kipaji, kapewa kuwa mtumishi wa kuogopa mizimu, na utani mwingine anaotupiwa unachukiza. Pale sicheki, namwangalia yeye tu anavyoiba onyesho.

Ukirudi kwa Nick na Nora, zimebaki tano, hadi 1947. Mwembamba wa kwenye jina wala si Nick, ni yule mzee anayetafutwa kwenye ya kwanza. Filamu ilipouza, jina likabandikwa kwenye zote. Zitazame kwa mpangilio, na ya 1936 usiiruke, inaanza pale pale ya kwanza ilipoishia.