Pikipiki moja, barabara na uwanja: kuchagua tairi na kupanga upepo wake

Juzi dogo mmoja wa kwetu Tanga alinijia gereji hapa Al Quoz, Dubai, na pikipiki yake, Yamaha R6, pamoja na jozi ya matairi ya Pirelli Supercorsa SC aliyouziwa na jamaa anayeshindana. Bei ya kutupa, kashata (meno ya tairi) bado zinaonekana, macho yanamng'aa. "Kaka, nifungie haya. Siku za kazi naenda nayo kazini, Jumamosi naingia nayo uwanjani." Sikumfungia. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na alipoondoka nikaona heri niandike, maana swali lake naulizwa kila joto likianza kupungua na watu wakianza kujiandikisha siku za pikipiki pale uwanja wa mbio wa Dubai Autodrome.

Mifano yote hapa ni ya R6: 120/70 ZR17 mbele, 180/55 ZR17 nyuma. Pikipiki yako ikiwa nyingine namba zitabadilika, kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Hesabu kilomita zako bila kujidanganya

Chukua karatasi. Dogo anakaa Deira, kazi yake Jebel Ali. Kwenda na kurudi ni kilomita 80 na kitu, siku sita kwa wiki, karibu zote zimenyooka kama rula. Kwa mwezi zinapita 1,800. Uwanjani anaingia mara moja kwa mwezi, na siku nzima ya kuzunguka haifikishi kilomita 200. Sasa niambie, tairi linunuliwe kwa ajili ya nani?

Ukiwa na pikipiki ya uwanjani peke yake, inayobebwa kwa pikapu, mwongozo huu si wako.

Hatua ya 2: Zijue koo za matairi

Mimi nayagawa kwa koo nne. Kwanza ni ya safari: Michelin Road 6, Pirelli Angel GT II. Yanadumu, yanatoa maji vizuri, na yanashika hata yakiwa baridi. Pili ni ya kispoti ya barabarani: Pirelli Diablo Rosso IV, Bridgestone S22 na wenzao. Tatu ni yale yaliyokaa mpakani, barabarani ruksa lakini moyo uko uwanjani, kama Supercorsa SP. Nne ni ya mashindano: Supercorsa SC, ambayo ina kashata kidogo, na sliki, ambayo ni kipara kitupu tangu kiwandani na barabarani haina ruhusa.

Usidanganywe na wingi wa kashata peke yake. Tofauti kubwa iko kwenye mpira wenyewe na joto unalolitaka. Mpira wa mashindano umetengenezwa ufanye kazi ukiwa moto, ndiyo maana wale jamaa huyavalisha matairi yao blanketi za umeme, nyuzi 80 hivi, kabla hata ya kuwasha injini. Kwenye Sheikh Zayed Road, mwendo mmoja bila kona, halipati joto hilo. Unafika mzunguko wa kwanza wa kutokea barabara kuu na tairi la bei mbaya ambalo bado limelala. Halafu kuna hili la kupata moto na kupoa: kila linapochemka likapoa, mpira unakakamaa kidogo. Yale ya dogo yalikwisha chemshwa na kupozwa mashindano kadhaa kabla hayajamfikia. Kashata zilikuwepo, mpira ulikuwa umekwisha kazi. Nilibonyeza kwa ukucha ukateleza kama juu ya soli ya kiatu.

Ya barabarani yamechanganywa silika (unga wa madini) nyingi, ndiyo inayosaidia kwenye baridi na maji. Na mengi ya kispoti, hasa la nyuma, yana mpira wa aina mbili: mgumu katikati kwa ajili ya kunyooka, laini mabegani kwa ajili ya kona. Kwa mtu wa Deira–Jebel Ali hiyo ni zawadi, kwa sababu kinachoisha kwanza huku kwetu ni katikati. Tairi linakuwa bapa kama limepigwa randa, na ukililaza kona linaanguka kwa kishindo badala ya kuviringika.

Msimamo wangu: kama pikipiki ni moja, chukua ukoo wa pili. Rosso IV au S22, sina ugomvi na mtu kati ya hayo. Mpakani nenda pale tu utakapokuwa unaingia uwanjani mara mbili au tatu kwa mwezi na kazini unaenda kwa metro. Watakaokuambia tairi la barabarani haliwezi uwanja, wengi wao mimi huwapita nikiwa na S22 zangu. Kinachowaangusha ni upepo, nitaufikia.

Kuna anayesema Dubai mvua hakuna, kwa hiyo maji si hoja. Mwambie akumbuke tarehe 16 Aprili 2024, siku mvua ilipoifurisha Dubai.

Hatua ya 3: Soma ubavu kabla ya kutoa pesa

180/55 maana yake upana milimita 180, na urefu wa ubavu ni asilimia 55 ya huo upana, yaani 99. Muuzaji atakwambia 180/60 "ni ileile". Siyo. Hiyo ubavu wake ni 108, nyuma kunanyanyuka milimita tisa, pikipiki inakuwa nyepesi kuingia kona, na kama ina ABS (breki zinazozuia gurudumu kujifunga), kompyuta inaanza kuhesabu mzunguko wa gurudumu tofauti na ilivyofundishwa. Wapo wanaoitafuta makusudi. Wewe anza na saizi ya kiwandani.

(73W): 73 ni uzito, kilo 365, W ni mwendo, kilomita 270 kwa saa, na mabano yanasema linaweza zaidi ya hapo. Usishuke chini ya kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Tarehe ya kutengenezwa iko mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, namba nne. 0822 ni wiki ya 8 ya mwaka 2022. Hapa Ghuba nalikazania sana hili, kwa sababu tairi lililokaa miaka minne kwenye stoo ya mabati isiyo na kiyoyozi si jipya, hata likiwa bado na karatasi yake. Zaidi ya miaka miwili mimi namrudishia mwenyewe.

Hatua ya 4: Funga

Mshale wa ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu. Balansi ifanywe. Valvu ibadilishwe, zile za mpira ni bei ya soda. Basi.

Aa, moja: usipake dawa ya kung'arisha. Wala mabegani. Nimemwona mtu amepaka tairi jipya likawaka kama kiatu cha harusi, hakufika taa za pili. Tairi jipya lenyewe lina utelezi kutoka kiwandani, kwa hiyo kilomita 100 hadi 150 za kwanza endesha kwa adabu, ukiongeza kulaza kidogo kidogo.

Hatua ya 5: Upepo

Hapa ndipo mimi nilipopoteza siku nzima, na ada ya uwanja, na heshima.

Ilikuwa Januari. Nilisimama sheli asubuhi njiani, nikashusha upepo kwa mashine yao: psi (kipimo cha upepo) 31 mbele, 29 nyuma. Namba nzuri kwa uwanja. Raundi ya kwanza, yaani zamu ya kwanza ya kuingia uwanjani, nyuma kunanesa kila nikifungua mafuta kutoka kwenye kona. Nikasema shokomzoba hiyo. Nikakaza klik mbili. Raundi ya pili ikanesa zaidi. Nikalegeza, nikakaza mbele, nikabadili kila skrubu inayogeuka kwenye ile pikipiki, na kila kitu naandika kwenye daftari kama daktari. Raundi ya nne tairi la nyuma likaanza kuchanika begani, mpira unakunjamana kama maganda ya kitunguu. Nikaanza kumtukana aliyeniuzia. Mzee mmoja Mlebanoni wa banda la jirani akaja na geji yake, akapima bila kuulizwa, akanionyesha kioo: 27. Na hapo tairi ni la moto! Mashine ya sheli ilikuwa inadanganya kwa psi tano au sita, na mimi nimezunguka asubuhi yote na tairi ambalo likiwa baridi halizidi 23. Upepo mdogo, ubavu unajikunja kila mzunguko, kujikunja kunazaa joto, joto linaua mpira. Shokomzoba haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo mpangilio wangu sasa ni huu, na ufuate kama ulivyo.

Nunua geji yako mwenyewe. Ya mshale, kioo kikubwa, isiyozidi psi 60, yenye kitufe cha kupunguzia upepo. Zile za kalamu tupa. Zile za malori za mpaka 150, mistari imebanana hata huoni tofauti ya 29 na 31. Ilinganishe mara moja na geji mbili za watu wengine unaowaamini, na ukiona inatofautiana nao kwa nusu, sawa. Baada ya hapo pima kwa hiyo tu, siku zote.

Elewa baridi ni nini. Kitabu cha R6 kinasema 36 mbele na 42 nyuma, tairi likiwa baridi. Baridi maana yake pikipiki imelala saa kadhaa kivulini. Si umetoka Deira kilomita 30, ukavua helmeti, ukapima. Si pikipiki imesimama gurudumu la nyuma juani na la mbele kivulini. Hilo peke yake linakupa namba za uongo. Kadiria psi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto la hewa iliyo ndani. Asubuhi ya nyuzi 18, ukiingia uwanjani na 42 ya kitabu, hewa ya ndani ikifika nyuzi 60 utakuwa na 50. Hiyo si tairi tena, ni mpira wa kikapu. Linagusa lami kwa kipande cha katikati na linateleza. Ndiyo maana uwanjani tunashusha.

Ukifika, jiandikishe, sikiliza maelezo ya usalama, kunywa chai. Pikipiki iwe kivulini saa moja nzima. Ndipo ushushe: mimi 31 mbele, 29 nyuma, kwa matairi ya ukoo wa pili. Muda ukiwa mfupi, usishushe tairi la moto mpaka 29, kwa sababu likipoa litaanguka mpaka 25 au 26. Liache juu kidogo ulirekebishe baada ya raundi ya kwanza.

Ukitoka raundi, pima ndani ya dakika mbili, kabla ya helmeti na kabla ya hadithi. Nataka nione 35 au 36 mbele, 33 au 34 nyuma. Imezidi, punguza hapo hapo tairi likiwa moto. Haijafika, ama umeanza chini mno ama huendeshi kwa kasi unayodhani. Kwa dogo lilikuwa la pili, na hakupenda kulisikia. Andika namba na saa, kwa sababu lami ya saa mbili asubuhi na ya saa saba mchana ni viwanja viwili tofauti.

Namba hizi si za ukoo wa tatu wala wa nne. Yale yana zake, na la nyuma mara nyingi liko chini zaidi. Tazama karatasi ya mtengenezaji wa tairi, si ya pikipiki.

Na ukimaliza kupima, lowesha kidole kwa mate upake kwenye mdomo wa valvu. Kikitokea kipovu, valvu inavuja, na kila ulichoandika kwenye daftari ni bure. Kifuniko kiwe cha chuma chenye raba ndani.

Hatua ya 6: Litazame tairi kabla halijapoa

Likiwa na mikwaruzo myepesi kama msasa, safi. Maganda ya kitunguu niliyoyasema, rudi kwenye upepo kwanza, shokomzoba baadaye. Mchanga ulioganda mabegani ni wa kwako, ulitoka nje ya lami, usibishe. Na ukiona ukanda wa pembeni haujaguswa kabisa, usiende kutafuta tairi laini zaidi.

Hatua ya 7: Kabla ya geti la kutokea

Rudisha upepo. Hili watu wanalisahau kwa sababu wamechoka na wamefurahi. Mimi natembea na pampu ya mguu begani. Ni mapigo mengi na jasho, lakini sikanyagi Mohammed bin Zayed Road na 29 nyuma. Kwa kuwa tairi bado lina moto, najaza mpaka 39 mbele na 45 nyuma, nikijua litashuka usiku. Kesho yake kabla ya kazi napima tena kwenye baridi. Kwa kawaida nyuma nakuta 41, naongeza moja.

Dogo alinunua S22, wiki ya 40 ya mwaka jana. Supercorsa zake nimeziweka nyuma ya gereji, mwanangu amezifanya bembea.